Mkimbizi Akifika Juu ya Mlima

Tiki-tiki-tiki-tiki. Hivyo ndivyo friwili ya baiskeli, ile gia ya gurudumu la nyuma, inavyolia baiskeli ikisukumwa polepole juu ya changarawe, hakuna mtu anayekanyaga pedali. Hata leo hapa Lodwar, katikati ya kelele zote za boda boda, nikiisikia shingo yangu inageuka yenyewe. Nadhani Papa Anselme anakuja.

Wadogo zangu, nyinyi mnaopita hapa kibandani kwangu kujaza upepo halafu hamwendi, mnabaki mkiniuliza, "Dada Akiru, ni kweli ulikuwa mtangazaji?" Ni kweli. Na nimestaafu. Najua mnacheka, kwa sababu mstaafu mnayemjua ni yule mwenye mvi na pensheni, na mimi bado nasuka rasta za rangi mbili. Lakini si mimi niliyezeeka. Kazi yenyewe ndiyo iliyozeeka ikaniacha, kwa hiyo mtanisikiliza kama mnavyosikiliza wazee, mkiwa mmekaa.

Kazi yangu ilikuwa kutangaza milima.

Kakuma mjini, upande wa kwenda kwenye kambi ya wakimbizi, Abdi alikuwa na banda la video. Mabati juu, mabati kando, mabenchi, na runinga kubwa aliyoifunga na mnyororo usiku na mchana. Abdi ni Msomali mpole sana, hasemi mengi, ila ukimtajia mafuta ya jenereta hapo ndipo utajua ana mdomo. Msimu wa mpira banda lilijaa mpaka watu wanachungulia kwa mashimo ya misumari. Mwezi wa saba mpira unalala, na banda linabaki la nzi. Mwezi kama huo, akibonyezabonyeza rimoti, akaangukia zile mbio kubwa za baiskeli za Ulaya. Mimi nilikuwa nauza chai mlangoni.

"Wewe dada," akaniita. "Si ulifika kidato cha pili? Shika maiki uwaambie watu, hawa wazungu wanafanya nini."

"Wanaendesha baiskeli."

"Hiyo wanaiona. Sema ingine."

Hapo ndipo nilipoajiriwa. Hakukuwa na mafunzo.

Siku za tambarare zilikuwa ngumu. Sisi tambarare tunayo, hakuna mtu wa Kakuma atakayelipia kiingilio kuangalia barabara iliyonyooka. Watu walilala kabisa, mmoja alikoroma kwenye maiki yangu. Lakini barabara ikianza kupanda, ikijikunja kona kwa kona mpaka kwenye barafu, na wale vijana wembamba wakianza kutoa ulimi, banda zima lilikaa wima. Nikajua kazi yangu iko huko juu.

Nilikosea mengi. Siku ya kwanza ya mlima mtangazaji wa Kizungu alisema fulani amepasuka. Kumbe ndiyo namna yao ya kusema mtu ameishiwa nguvu. Mimi nikatangaza kwa sauti ya msiba, "Jamani, amepasuka." Mama mmoja akafunika macho ya mtoto wake. Wanaume wakasogea kwenye runinga kutafuta damu. Yule kijana alikuwa anaendelea tu, polepole, na Ekal akauliza kutoka nyuma, "Madam, amepasuka wapi? Mimi naona ameshonwa."

Ekal ni Mturkana mwenzangu, dereva wa boda boda, na mdomo wake haujawahi kuishiwa mafuta. Lakini ndiye aliyenifundisha upepo. Sikuwa naelewa kwa nini wale watu wanaendesha wamebanana vile, gurudumu kwa gurudumu, na barabara yote iko wazi. Ekal akaniambia, "Si umechunga mbuzi? Upepo ukija na mchanga, mbuzi wanafanya nini?" Nikaona. Wa mbele anakula upepo, wa nyuma wanajificha, halafu wanapokezana. Kuanzia siku hiyo sikuwahi tena kubahatisha, nilitangaza kundi kama kundi la nyumbani. Na yule mwenye shati la madoadoa, ambaye ndiye mkubwa wa milima, Ekal alimpa jina la dume la baba yake, akawa anamwimbia kama anavyoimbiwa ng'ombe. Mbio ziliisha, jina likabaki.

Sasa kuna wale wanaochomoka kwenye kundi mapema, wawili au watatu, wanaenda mbele peke yao. Wana jina lao kwa Kizungu, sikulijua. Nikasema, "Hawa watatu wamekimbia." Baadaye nikachoka na maneno marefu, nikasema, "Wakimbizi bado wako mbele."

Banda likanyamaza. Nusu ya watu mle walikuwa wametoka kambini. Nikatafuta mahali pa kuweka maiki.

Kisha mtu mmoja pale mbele akacheka, kicheko cha tumbo, na akauliza, "Na benyeji beko wapi? Beko mbali?"

Huyo alikuwa Papa Anselme. Na watu wote wakacheka pamoja naye, na jina likakaa. Wanaotoka mbele wakawa wakimbizi, kundi likawa wenyeji. Watu wakahama mabenchi bila kuambiwa. Wa kambini upande wa kushoto wakishangilia wakimbizi, sisi wa mji upande wa kulia tukishangilia kundi. Gari likiwasogelea wale wa mbele na kuwapa chupa, Ekal alikuwa anasimama kabisa. "Mnaona? Wakimbizi wanapewa maji mpaka mkononi, na sisi wenyeji tunapanga foleni."

"Na weye kimbia basi," Papa anamjibu bila kugeuka, "uonje kama hayo maji ni tamu."

Niwaambie kuhusu Papa. Alikuwa fundi wa baiskeli, Mkongomani wa kule kwenye milima, na zamani alikuwa anabeba ndizi kwa baiskeli kwenye miteremko ambayo akiisimulia unashika kiti. Lakini ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Alibaki na mwangaza, na vivuli. Baiskeli yake hakuiendesha tena, aliisukuma. Gurudumu la mbele ndilo lilikuwa fimbo yake, lilimwambia penye shimo na penye jiwe, na friwili ilikuwa inawaambia watu wampishe. Mara moja nilitaka kuitia girisi, maana ilikuwa inalia sana. Akanizuia mkono. "Acha iseme, Mama. Yangu lazima iseme." Mimi nilikuwa kigori tu, lakini yeye aliniita Mama, ndivyo wanavyoheshimu watu kwao. Yeye ndiye aliyenifundisha kunyoosha rimu kwa kusikiliza spoki kwa kidole, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kunifundisha.

Na mimi nikamfundisha mlima. Haikuwa akili yangu, ilitokea tu. Alikuwa amekaa ubavuni kwangu na akaniuliza, "Unasema kali. Kali namna gani?" Nikamshika kifundo cha mkono, nikauinua mkono wake wa kushoto, kiwiko kimekaa kwenye meza, mpaka ukalala kama barabara ilivyolala. "Hivi." Akaupapasa kwa ule mwingine. Halafu akasema, "Ah. Hiyo njo mulima."

Kuanzia siku hiyo nilitangaza kwa mikono miwili. Wa kulia una maiki, wa kushoto una mkono wa Papa. Barabara ikipanda, unapanda. Ikilegea, unalegea. Siku nyingine mlima unakuwa mrefu mpaka analalamika, "Mama, bega linakufa, hao batu batafika lini?" Na sheria yetu ilikuwa moja, kwamba mkono hauachwi mpaka barabara iishe. Hiyo iwekeni kichwani, nyinyi mnaotaka kuwa watangazaji. Ukianza kumpandisha mtu, usimwache kwenye kona.

Tena usimtilie chumvi. Alinionya mapema: "Miye sina macho ya kukuchunguza. Ukisema kona, miye napiga kona."

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Lodwar mara moja moja, wanapasua watu, wanaondoka. Papa alikuwa ameshaambiwa mara nyingi, na kila mara alikuwa na sababu. Ukweli aliniambia siku moja tukiwa peke yetu tunafunga cheni. "Mwangaza kidogo niko nao. Bakikosea, nitabaki na giza." Lakini mbele ya watu alifanya mzaha. Ekal alipomsumbua, "Papa, nenda ukatwe macho, uone vile mimi ni handsome," akajibu banda lote likisikia: "Siku mukimbizi atafika juu ya mulima, nitaenda Lodwar."

Watu walicheka, kwa sababu kila mtu alijua. Wakimbizi hawafiki. Wanatangulia tangu asubuhi, wanakula upepo peke yao siku nzima, na mlima wa mwisho ukianza, kundi linaamka na kuwala mmoja mmoja. Papa alikuwa amejifungia mlango na kumeza ufunguo.

Basi mwaka ule ikaja siku ya mlima mkubwa, na wiki hiyo hiyo madaktari walikuwa Lodwar. Nesi wa kliniki alikuwa ameshamwekea Papa nafasi kwenye gari la kesho yake asubuhi. Alinivuta kando akaniambia ugonjwa ukizidi kukomaa kazi inakuwa ngumu, asipoenda safari hii hajui kama nyingine itamfaa. Mimi ni mbovu wa siri. Kabla chai haijachemka banda zima lilikuwa linajua.

Tiki-tiki-tiki. Akaingia, akaegemeza baiskeli, akakaa, akaweka mkono wake mezani.

Siku hiyo hakukuwa na kushoto wala kulia. Asubuhi ya huko kwao kijana mmoja mwembamba wa shati la kijani alikuwa ametoka na wenzake wawili, wenzake wakashikwa, akabaki peke yake. Mlima ulipoanza alikuwa bado mbele, tena mbele kwelikweli. Wamama wa Kisudani walikuwa wamesimama. Wazee wetu wa Kiturkana, ambao hawajawahi kumshangilia mkimbizi, walikuwa wanamsukuma kwa videvu. Ekal alipanda kwenye benchi. "Leo mimi pia ni mkimbizi. Niandikisheni."

Nilitangaza siku hiyo mpaka koo likawa kama karatasi ya msasa. Mkono wa Papa ulikuwa juu, na mimi naupandisha tu, naupandisha, na nilikuwa naona jasho kwenye kipaji chake kana kwamba ni yeye anayekanyaga. "Bado?" ananiuliza. "Bado, Papa. Anakwenda." "Benyeji?" "Wanaonekana, lakini mbali." Halafu, "Wanaonekana." Halafu nikaacha kusema mbali.

Walimshika kwenye kona ya mwisho. Kilele kinaonekana, bendera zinaonekana. Wakampita wawili, wakampita wanne, wakampita wote, wala hakuna aliyemtazama.

Nikanyamaza. Jenereta peke yake ndiyo iliyokuwa inaongea.

Ekal akainama nyuma ya sikio langu. "Akiru, mwambie amefika," akasema kwa Kiturkana, polepole. "Haoni. Sema tu." Nikamtazama Abdi. Abdi akateremsha sauti ya runinga kidogo, yule mtangazaji wa Kizungu akawa ananong'ona, halafu akaangalia viatu vyake. Nikageuka kuwaangalia watu, na kila uso niliouona ulikuwa unaniambia neno hilo hilo. Sema.

"Mama," Papa akasema. "Juu ya nini unanyamaza?"

Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimempa kona zote za mlima ule, na kila kona ilikuwa kona.

"Wamemshika, Papa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sawa," akasema. "Basi." Akaanza kuinuka, mkono mwingine unapapasa kutafuta baiskeli.

Sikumwachia kile kifundo. Si kwamba nilikuwa na mpango. Ni sheria tu, mkono ulikuwa bado juu. "Kaa," nikamwambia. "Barabara haijaisha."

Mshindi akafika, akainua mikono, watu wakamrushia maua. Hakuna aliyeshangilia. Abdi akaangalia nje, jua lilikuwa linashuka na adhana ya magharibi ilikuwa karibu. "Dada, nizime?"

"Ngoja, Abdi. Nakuomba."

Akaondoa kidole kwenye swichi.

Picha ilikuwa inazunguka kwa washindi, wanakunywa, wanakumbatiana. Mimi nilikuwa naangalia nyuma yao, pale barabara inapotokea, kwa sababu shati la kijani nilikuwa sijaliona likifika. Wakapita wachache. Wakapita wengine. Kisha nikamwona, mdogo kama sisimizi.

"Anakuja," nikasema kwenye maiki. "Anayumba. Anaenda upande huu, anaenda upande huu, barabara yote ni yake. Ameinuka kwenye kiti. Ameketi tena. Kuna mzee amevaa kofia kando ya barabara, anamkimbilia. Amemsukuma mgongoni, kidogo. Anakwenda. Papa, inalegea sasa," na nikaanza kuushusha mkono, "inalegea, inalegea." Nikaulaza mezani. "Tambarare. Amefika."

"Nani amefika?"

"Mkimbizi."

"Juu?"

"Juu kabisa."

Papa akakaa na mkono wake umelala pale. Ekal hakuweza kujizuia, ndivyo alivyo. "Lakini, Papa, si walimshika?"

"Weye kijana," Papa akasema, "nilisema asishikwe? Nilisema akifika." Akapangusa kipaji kwa kitambaa, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni. "Hiyo gari ya Lodwar inatoka saa ngapi?"

Sitawaambia makelele yaliyokuwa mle, mtaniona naongeza. Abdi alichelewa kuzima jenereta, na mafuta hayakutajwa.

Nilimsindikiza mimi. Njia nzima alinishika mkono akaniuliza barabara imelalaje, na nikawa namlazia tu mkono nikimwambia, Papa, ni tambarare, bado ni tambarare, mpaka akalala usingizi. Walimpasua, na kesho yake asubuhi wakamfungua bendeji. Akapepesa macho, akamwangalia nesi, akaniangalia mimi, muda mrefu.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni mimi, Papa. Akiru."

"Hapana. Akiru ni mama munene."

Kumbe kwa sauti yangu miaka yote alikuwa ameniweka mwili mwingine kabisa. Manesi walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Tulipotoka hapo, akasimama uani, akatazama vile vilima vya Lodwar tunavyojivunia, akaniuliza, "Hii njo munaita mulima?" Nikasema ndiyo. "Mama, hii ni kiazi."

Mwaka uliofuata alikuja bandani anaona. Alikuja na baiskeli ile ile, sasa angeweza kuipanda, lakini aliisukuma, alisema mazoea. Akawa ananisahihisha mbele za watu, "Umeruka kona, Mama," na mimi nilikuwa na furaha mpaka nakosea zaidi. Lakini mlima ulipoanza, bila kunitazama, macho yake yako kwenye runinga, aliulaza mkono mezani karibu na wangu. Nikaushika, nikaupandisha.

Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu kuwa nilistaafu, nikiulizwa. Banda liliendelea kidogo. Halafu kila mtu akapata simu, akawa anaangalia mlima wake mwenyewe chini ya kivuli chake mwenyewe, na Abdi akageuza banda kuwa duka la simu. Sina lawama, hata mimi ninayo. Lakini simu haina upande wa kushoto na wa kulia.

Binti yake Papa, aliyekuwa amehamishiwa nchi ya mbali, akafanikiwa kumwita. Anasema huko kuna milima kutoka dirishani, ya kweli, na baridi isiyo na adabu. Ananitumia sauti. "Mama, miye naiona hapa, bila weye." Anacheka, na mimi nacheka, halafu naisikiliza tena. Mimi nina ndoto zangu, mzicheke mkitaka. Siku moja nitasimama kando ya barabara moja ya zile, na mkimbizi akinipitia amechoka, nitamsukuma mgongoni. Kidogo tu.

Baiskeli aliniachia mimi, nami nilikuwa nimeshahamia huku na ule ufundi alionifundisha. Ekal ndiye aliyeileta hapa Lodwar, ameifunga juu ya gari la mizigo, na kwa moyo wake mzuri alikuwa ameiosha, ameipaka rangi, na friwili ameijaza girisi mpaka inatoka pembeni. "Ejok, madam," akanisalimu kwa Kiturkana. "Skiza," akasema, akiisukuma huku na huku. "Kimya kama paka." Nikamshukuru, nikampa chai, tukacheka mambo ya zamani, akaenda zake.

Nilipobaki peke yangu niliilaza ubavu hapo nyuma ya kibanda. Nikamimina mafuta ya taa pale kwenye mwanya wa friwili, nikazungusha, ikatoka girisi nzito. Nikamimina tena, nikazungusha, mpaka yakaanza kutoka meupe. Nikafuta. Nikaisimamisha, nikashika usukani, nikaisukuma polepole juu ya changarawe. Kwanza haikusema kitu. Kisha ikasema.